Jibu Langu Limeenda Wapi

Jumatatu, Juni 9, 2025

Umeme umekatika tangu saa moja, naandika kwa tochi ya simu. Mama amelala. Turubai la mahindi limebaki uani, upepo unalipigapiga. Nimeweka mawe pembe zote nne.

Leo kule Mastodon nimeiona posti ya Mzee wa Mbegu. (Hata humu kwenye daftari sitaki kuandika majina ya watu.) Anasema mahindi yaliyoshika ukungu usiyatupe: yaoshe kwa maji ya chumvi, yaanike siku mbili, peleka mashineni. Ameandika vizuri kama kawaida yake, na picha ya ungo. Imesambazwa mara 43. Arobaini na tatu!

Nimejibu. Nimefuta mara tatu, nimeandika tena. Shikamoo mzee, samahani sana, sumukuvu haitoki kwa maji wala kwa chumvi, na haifi jikoni hata ugali uive vipi. Ukungu unaouona kwa macho utaondoka, sumu itabaki ndani ya punje. Bora kuchambua, kutupa zilizooza na zilizovunjika, kukoboa kabla ya kusaga. Nikaweka na mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 20 waliozikwa.

Chemba, kwa ma'mdogo, sikuiandika. Mkono haukwenda.


Jumatano, Juni 11

Hakuna aliyesema neno. Mzee anaendelea kujibu wengine, "asante mama", "karibu kijana". Kwangu kimya.

Leo stesheni, dukani kwangu, kulikuwa na watu. Picha za pasipoti, barua mbili za kuomba kazi, mtu mmoja na kopi kurasa 60. Kila mteja akitoka nafungua simu. Kimya.

Labda amekasirika. Mtoto wa kike kumrekebisha mtu mzima mbele ya watu. Ningemfuata pembeni kwanza, ndivyo nilivyolelewa. Lakini yeye hakusema pembeni. Amesema hadharani, na watakaokula ni hao waliosoma hadharani. Nimezunguka hapo hapo jioni nzima.


Alhamisi, Juni 12

Halipo.

Nimetoka kwenye akaunti, nikaifungua posti ya mzee kule kwake, kwenye ile seva kubwa aliko yeye, si hii ndogo yetu, kama mgeni anayepita njia. Majibu 17. Langu halimo. Nikarudi kwangu: lipo, saa 2:41 usiku, maneno yote. Halafu nikahesabu. Kule majibu 17, huku kwangu 6, na moja kati ya hayo sita ni la kwangu. Uzi mmoja!

Kwamba mzee amelifuta? Haiwezekani. Mastodon haimpi mwenye posti mkono huo. Anaweza kunizuia mimi nisimsumbue, kuling'oa jibu langu hawezi. Kule Bluesky mwenye posti analikunja jibu asilolitaka, linakaa nyuma ya pazia kwa kila mtu, na tangu mwanzo anaweza kusema nani ajibu na nani asijibu. Nilikuwa nakiona kitu kibaya sana kile. Niliwaambia watu wangu, huku kwetu hakuna pazia. Niliwaambia kwa majivuno.

Nimekumbuka mkutano wa kijiji. Mtu anasimama chini ya mti, anasema, wote wanasikia, hata mwenyekiti asipopenda. Mtendaji anaweza kuacha kuliandika kwenye muhtasari, lakini limeshaingia masikioni. Huku mtandaoni kila kundi limekaa chini ya mti wake, na maneno yanabebwa na wapita njia kutoka mti mmoja hadi mwingine. Asiyebebewa hajui kwamba hajabebewa. Anaona watu wamekaa tu, anadhani wamemsikia wakanyamaza.


Ijumaa, Juni 13

Bando limeisha na sina hamu ya kununua. Nimekaa na mama kuchambua mahindi. Anachambua bila kuangalia, vidole vinajua. Punje nyepesi huku, iliyobadilika rangi kule, na ile ya kule haiendi kwa kuku wala mbwa. Tangu Chemba hawapi kuku.

Hakusema kitu juu ya ma'mdogo. Mimi pia sikusema.


Jumamosi, Juni 14

Nimepata. Ningetamani nisingepata.

Ile seva kubwa ina ukurasa wa kujieleza, na chini kabisa wameorodhesha seva walizozifungia na walizoziwekea mipaka. Nikashuka na kidole, jina moja moja. Tumo. Sisi. Jina letu, na sababu kwa Kiingereza, mistari miwili: unyanyasaji kwenye majibu, wasimamizi waliarifiwa, hakuna hatua iliyochukuliwa.

Wasimamizi ni mimi. Kaka wa Leipzig analipia mashine ya seva yetu, ripoti za Kiswahili naangalia mimi, tulikubaliana hivyo.

Kuwekewa mipaka. Hawajatufunga. Ila neno la mtu wetu, kule, linaonwa na anayemfuata tu. Mwingine yeyote halioni. Tuko 211 humu, zaidi ya nusu walikuja baada ya Mei 20 X ilipozimwa, wengine niliwafungulia akaunti mimi mwenyewe hapa stesheni, bure, nikiwaambia huku utasema na utasikika. Wamekuwa wakizungumza kwenye chumba kilichofungwa mlango. Mwalimu wa Kinyangiri ameandika mambo ya utoro shuleni wiki mbili mfululizo, akaniuliza mbona huku hakuna watu. Nikamwambia subira.

Na ninaijua ripoti yenyewe. Nimeikumbuka kabla sijaitafuta. Mei 29. Niliifunga kwa dakika mbili, mteja amesimama anasubiri laminesheni.


Jumapili, Juni 15

Ibadani sikusikia mahubiri.

Nimeirudia. Binti anaandika kuhusu baba yake, arobaini. Baba ni mtu wa ng'ambo ya mto Sibiti, amezikwa huko, binti yuko masomoni Ujerumani, hakuwahi mazishi. Ameandika kwa utulivu, posti ndefu, hakuna kilio ndani yake, na ndiyo maana inaumiza. Akataja ukoo wa baba yake. Chini yake binamu yangu, mtoto wa mjomba kabisa, huyu wa hapa Nduguti mwenye bodaboda: *Na wewe unamfuata lini? Sanda tumeshanunua, usitucheleweshe, tuna shughuli.*

Niliposoma Mei 29 nilicheka. Naandika ukweli. Nilicheka, kwa sababu ukoo ule na wetu ni watani tangu babu. Bibi alipofariki walikuja watatu, mmoja akalala ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe hela ya soda. Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kamasi zikimtoka. Basi nikaandika kwenye ripoti: utani, hakuna kosa. Nikafunga.

Lakini yule aliyelala kaburini ndiye aliyelichimba. Usiku kucha, jembe na sururu, ardhi ya Nduguti ilivyo ngumu. Tulimjua jina, tulimjua baba yake, na asubuhi alibaki kufagia. Binamu hakuchimba kitu. Alikuwa kijiweni anasubiri abiria, na simu mkononi.

Binti kwenye ripoti yake aliandika sentensi moja. "Simjui huyu mtu." Nilisoma nikapita. Sentensi ile ilikuwa na kila kitu.

Halafu wasimamizi wa kule. Wamebonyeza kitufe cha tafsiri, wakapata kitisho cha kifo kwa msichana aliyefiwa. Wangeona nini kingine? Hata ningekuwa mimi.

Kule kwake, kwenye uzi wenyewe, sijathubutu kufungua. Huku kwangu unaonekana na majibu matatu. La binamu la kwanza.


Jumanne, Juni 17

Nimemwambia Kaka wa Leipzig. Ujumbe wa sauti, dakika nne, nilirekodi stoo ili mama asisikie. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amesema tu, "Basi tuanze kwa kuliondoa." Jibu lenyewe lilikuwa bado liko pale! Siku ya 19 leo, bado lilikuwa limekaa chini ya maneno ya msiba, na mimi nakimbizana na jibu langu la mahindi.

Nimelifuta saa tano asubuhi. Akaunti ya binamu nimeigandisha, na maelezo nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa Kiswahili, nikayasoma kwa sauti kabla ya kutuma. Kwamba ni jibu lipi, la tarehe gani, kwa nini. Ana siku 20 za kukata rufaa, na rufaa ikija nitaipeleka Leipzig, sitaiamua mimi.

Kaka amewaandikia wale wa seva kubwa baruapepe. Ameniomba aya moja kueleza utani ni nini. Nimeandika aya tano, nikazipunguza hadi moja. Sikuitumia kututetea. Niliandika kwamba utani una wenyewe, na huyu binti hakuwa mwenyewe, na kosa la kutoliona hilo ni langu.

Nimewaomba wamfikishie binti pole. Moja kwa moja siwezi kumfikia, maneno yangu kule hayaonekani. Ajabu ya kutaka kumwomba mtu msamaha halafu mlango uliofungwa ni ule uliousababisha wewe.


Jumatano, Juni 18

Mjomba amekuja stesheni, amevaa koti. Mjomba akivaa koti si salamu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umemfunga mdomo mwenzako."

Nikampa kiti. Hakukaa. Nikamweleza taratibu, msiba, binti, sanda. Akasema hayo ni maneno ya watani, mtu anaonewa kwa maneno ya watani? Nikasema mjomba, binti hakujua. Akasema basi angeelezwa. Nikasema ndiyo, ilikuwa kazi yangu kumweleza, au kumtoa mwenzangu, sikufanya moja wala jingine.

Akatulia. Kisha akasema hili, ambalo nitalala nalo: "Ule mtandao mwingine wameufunga. Mkatuambia njooni huku. Na huku nako mnafunga. Tofauti yenu ni nini?"

Sikuwa na jibu palepale. Nimekulia kwenye nyuzi za JamiiForums, nilikuwa chuo Desemba 2016 Maxence Melo alipokamatwa, tukajua kuna mtu anapelekwa mahakamani kwa kugoma kutoa majina ya waandishi wake. Mwaka 2018 kanuni mpya za maudhui zikaingia, leseni na ada zake zaidi ya milioni mbili, Juni Jamii ikazimika kwa muda, nakumbuka nilivyokuwa naifungua kila asubuhi kama mtu anayegusa mfuko uliotoboka. Mei 20 mwaka huu akaunti ya polisi ilidukuliwa, na X ikazimika nchi nzima. Watu wa Nduguti hawakuambiwa wamekosa nini. Hakukuwa na pa kukatia rufaa.

Binamu ameambiwa. Ana tarehe, ana sababu, ana jina la aliyemgandisha, na anajua stesheni yangu ilipo, baba yake amekuja kusimama mlangoni na koti lake. Hiyo ndiyo tofauti, mjomba. Nimeipata saa nne usiku, umeshaondoka.

Lakini wale 210 wengine? Hao ile seva kubwa iliwawekea pazia kwa kosa lisilo lao, na hakuna aliyewaambia. Mimi pia bado sijawaambia. Kesho.


Alhamisi, Juni 19

Nimewaambia wote. Posti moja, bila kuzungusha. Watatu wameondoka. Mwalimu wa Kinyangiri ameandika: "Kumbe." Neno moja.


Ijumaa, Juni 20

Ripoti ya picha. Sitaieleza. Niliifungua nikiwa nakunywa chai.

Nimemfikiria Daniel Motaung na wenzake wa Nairobi, wale waliokuwa wanachuja Facebook. Alipojitokeza hadharani 2022 nilisoma kama habari za mbali. Desemba iliyopita ilitangazwa kwamba daktari amewapima, zaidi ya 140 wamekutwa na majeraha ya akili kutokana na waliyoyaona. Mimi napata ripoti tatu kwa wiki. Wao shifti nzima, kila siku, kwa lugha zetu hizi hizi, ili sisi tusione. Chai nimeimwaga.


Jumatatu, Juni 23

Leo nimetetemeka.

Jirani, mama wa nyumba ya pili, amekuja kuazima ungo mkubwa. Anamwambia mama: siku hizi kuna dawa ya mahindi yenye ukungu, maji ya chumvi tu. Mama akaniangalia. Nikamwuliza umeisikia wapi, akatoa simu. Skrinishoti. Posti ya Mzee wa Mbegu, picha ya ungo, jina lake, imepita kwenye makundi ya WhatsApp mpaka imefika uani kwetu, imebandikwa alama ya kwamba imetumwa mara nyingi.

Skrinishoti haina majibu. Hata yale 17 hayamo. Nimehangaika wiki mbili na pazia la ile seva kubwa, kumbe maneno yalishatoka nje yakiwa peke yao, yanatembea kwa miguu.

Mama amemkalisha chini jirani. Hakutaja sayansi. Amemwambia mdogo wake wa Chemba alikuwa na watoto wanne, sasa ana wawili, na mahindi yale waliyaosha. Sikuwahi kujua kwamba waliyaosha.

Jirani ameondoka bila ungo. Baadaye amerudi kuuchukua, na gunia lake lile akaja kulichambua hapa hapa kwetu. Tumetupa karibu debe moja.


Jumanne, Juni 24

Lazima nimpate mzee kwa simu. Mengine yote ni kupoteza muda. Posti imefika mara 61.


Alhamisi, Juni 26

Nimempata. Njia: mwanakwaya wetu alisoma Morogoro, mwalimu wake wa zamani anamfahamu bwana shamba mmoja mstaafu, huyo ana namba. Siku mbili, watu watatu, kila mmoja ameniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Mkono ulikuwa na jasho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha, Nduguti, Mkalama, Singida, stesheni. Akafurahi! Akasema amewahi kupita huku zamani, barabara ya Iguguno, vumbi mpaka kwenye meno. Akaniuliza alizeti mwaka huu imekaaje. Nikamjibu, mvua ilikatika mapema lakini tumepata. Nikaogopa kwamba tutamaliza salio kwenye alizeti.

Nikamwambia. Nilidhani nitasema kwa mpangilio, nikaanza na ma'mdogo. Chemba ikatoka mdomoni yenyewe. Watoto, mahindi ya chumvi, hospitali, macho ya njano. Upande wa pili kimya, mpaka nikadhani laini imekatika.

"Mwanangu, mbona hukunijibu pale pale?"

"Nilikujibu baba. Juni 9."

"Sikuona jibu lolote."

Akaniambia yeye alimaanisha ukungu wa juu juu, mahindi yaliyonyeshewa siku moja, si yale yaliyooza. Akanyamaza. Akasema lakini sikuandika hivyo, sivyo? Nikasema hapana baba, hukuandika hivyo. Akasema anavaa miwani yake sasa hivi.

Nililia baada ya kukata simu, nikamwambia mteja ni vumbi.


Ijumaa, Juni 27

Ameibadilisha. Asubuhi saa kumi na mbili, wazee hawalali. Hajaifuta, ameihariri, na juu kabisa ameandika kwamba alikosea na kwamba ameambiwa na binti yake wa Singida. Binti yake!

Na kila aliyeisambaza ameletewa taarifa kwamba ile posti imebadilika. Wote 61. Hili Mastodon wamelifanya vizuri, nalisema hata kama nina hasira nao. Zile skrinishoti lakini nani ataziletea taarifa? Nimeipiga picha hii mpya, nimeituma kila kundi nililomo: la kwaya, la vikoba, la stendi, la wazazi. Jirani ametuma kwa ndugu zake.


Jumanne, Julai 1

Mipaka imeondolewa. Wameandika kwa ufupi na kwa adabu. Wamesema aya kuhusu utani wameihifadhi kwa ajili ya wasimamizi wao wengine, na wangependa wakikwama kwenye Kiswahili watuulize kwanza. Kaka wa Leipzig amenitumia na alama za mikono ikiomba.

Jibu langu limejitokeza kule lenyewe. Juni 9, saa 2:41 usiku. Kumbe muda wote lilikuwa kwao, limehifadhiwa kwenye mashine yao, wamelifunika tu.

Sasa linaonekana la ajabu. Posti imeshasahihishwa na mimi nimesimama chini yake nasahihisha. Mtu ameniuliza, "dada, unabishana na nini, mzee si amesema hivyo hivyo?" Nilitaka kumweleza. Nimeacha. Akitaka, historia ya mabadiliko ipo, abonyeze.


Jumatatu, Julai 7

Sabasaba, nimefungua stesheni nusu siku. Binamu amekuja na boda yake kubeba magunia yetu matatu ya alizeti hadi mashineni. Hakuombwa. Tumesubiri mafuta yakamuliwe, kelele za mashine, harufu ile ninayoipenda. Hatukuzungumza mpaka mashudu yalipoanza kutoka.

Akasema, dada, mimi nilidhani anacheka.

Nikamwambia ulidhani, hukumwona.

Akasema hamna unachokiona kwenye simu, mtu anaandika tu. Ni kweli. Kijiweni angemwona uso, angeacha katikati ya sentensi. Namjua, si mtu mbaya. Akatoa karatasi mfukoni, ya kukunja, ameandika kwa kalamu. Ni msamaha kwa yule binti. "Angalia kabla sijatuma." Akaunti yake bado imeganda, anajua, ameomba tu niutume mimi kupitia kule kwa wasimamizi. Rufaa hakukata.

Nimesoma pale pale, mikono ina mafuta. Nimemrudishia aondoe sehemu moja, pale alipoeleza kwamba ni desturi. Nimemwambia anza na pole. Desturi atauliza mwenyewe akitaka.


Jumatano, Julai 9

Toleo jipya la Mastodon, 4.4, limetoka jana. Kaka wa Leipzig amenipigia, amechangamka. Kuna kitu wameweka cha majaribio: mtu akifungua posti ya seva nyingine, seva yako inakwenda yenyewe kuyafuata majibu yaliyobaki huko, jibu na jibu la jibu. Hakijawashwa, kila mwenye seva anakiwasha mwenyewe. Ameniuliza tuwashe? Mashine yetu ni ndogo, itahema.

Nimemwambia washa. Nikamwuliza, na majibu mabaya nayo yatakuja? Akasema yatakuja yote. Basi nitakuwa na kazi. Tumekubaliana tutafute wa pili wa kusaidiana na mimi, na nimemfikiria mwalimu wa Kinyangiri, yule wa "kumbe".


Jumamosi, Julai 12

Baridi, upepo. Mama amejifunga khanga mbili.

Imewashwa tangu jana usiku. Leo jioni nimejikaza, nimeufungua uzi wa binti. Wa arobaini. Mara ya kwanza hakuna kilichobadilika, majibu mawili yale yale, la binamu halipo. Kaka alishaniambia, mara ya kwanza mashine ndiyo kwanza inatumwa. Nikafunga simu, nikachota maji, nikafungua tena.

Yakashuka. Nikawa navuta kwa kidole na hayaishi. Pole za Mwanza, pole za Muscat, mwanafunzi mwenzake kwa Kijerumani, mtu aliyefundishwa na baba yake darasa la tano, mtu aliyenunua ng'ombe kwake. 83. Muda wote huo sisi huku tulikuwa tunauona msiba wa mtu wenye majibu matatu, na la kwanza ni la sanda.

Na katikati, Mei 30, kuna mzee mmoja wa Meatu. Anaandika kwa herufi kubwa zote kama wanavyoandika wazee. Anasema yeye ni mtani, amemchimbia marehemu kaburi, na kabla yake alimchimbia babu yake, na ukoo huu wote wanakufa kiangazi ardhi ikiwa ngumu kwa makusudi ili kumkomoa, na mbuzi wake wa babu bado hajapewa, sasa wamekuwa wawili.

Binti amemjibu siku hiyo hiyo. "Baba alisema wewe mbuzi wako ulishamla, ukasahau kwa sababu ya pombe. Njoo kwa bibi tuhesabu mifupa."

Nimemsomea mama. Nimesoma mara mbili, ya pili akaniomba nipaze sauti kwa sababu ya upepo. Amecheka mpaka khanga ya juu ikaanguka, akafuta macho, akaniuliza huyu mzee ni wa kwa nani huko Meatu.